Bomba Hufungwa kwa Vidole Viwili

Siku yangu ya kwanza kazini nilishindwa kufunga bomba. Naanzia hapo kwa sababu ninyi vijana mnapenda kusikia mzee alivyokuwa hodari, na mimi nilikuwa hodari kweli, wala sioni haya kusema. Lakini asubuhi ile nilishindwa, na karibu kila nilichokuja kukijua baadaye kilitokana na kushindwa kule. Nivumilieni tu nikisema haraka haraka. Yaliyotokea bafuni kwangu juzi juzi yamenipa furaha ambayo sijui niiweke wapi, na siwezi kuyaeleza bila kuanzia mwanzo.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye karakana ya mashamba ya miwa, upande wa juu wa bonde letu la Kilombero. Watu walikuwa wametoka kila pembe ya nchi: Wangoni, Wanyakyusa, Wagogo, Waha, na sisi Wapogoro tuliokuwa nyumbani. Ijumaa hawa wanakwenda msikitini, Jumapili wale kanisani, na siku zilizobaki wote tunanuka grisi. Mkubwa wetu tulimwita Fundi Mkuu. Alikuwa mfupi, mwembamba, na hakuwahi kupaza sauti. Ukimkosea alizidi kuongea polepole, na hapo ndipo tulipomwogopa.

Basi akanipeleka nje, kwenye bomba la kunawia mikono, lililokuwa likidondosha maji. Akasema, "Kijana, lifunge hilo."

Nilikuwa na misuli ya kubeba magunia. Nikalikaza. Likadondosha. Nikakaza tena kwa mikono miwili mpaka mishipa ya shingo ikanitoka, na tone lile likaja vilevile, taratibu, bila wasiwasi. Nikaanza kutupia macho spana kubwa. Fundi Mkuu akanishika bega.

"Limekukosea nini?" akaniuliza.

"Halijanikosea kitu, mzee."

"Sasa mbona unalikaba? Bomba zima hufungwa kwa vidole viwili. Likikataa vidole viwili, linaumwa. Na mgonjwa hakabwi, anapimwa."

Akalifungua mbele yangu. Nawaeleza na ninyi, maana ndani ya bomba la kawaida hakuna uchawi wowote. Chini ya kile kichwa unachozungusha kuna nati. Ukiilegeza nati, unatoa spindo, yaani kile chuma kinachopanda na kushuka unapozungusha. Kwenye ncha ya spindo kuna kipande kidogo cha mviringo, cha mpira au cha ngozi, tunakiita washa. Washa ndiyo inayokwenda kukaa juu ya tundu la maji na kuliziba. Pale inapokaa panaitwa kikalio. Ikichakaa washa, au kikalio kikiingia uchafu, maji yanapata upenyo. Na wewe kila ukikaza unazidi kuikata washa, ndiyo maana kesho inavuja kuliko jana.

Vipuri vilikuwa vya shida siku zile. Washa tulizikata wenyewe kwenye ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa, tukaziloweka kwenye mafuta mpaka zikawa laini na nzito. Fundi Mkuu alikata ya kwangu kwa kisu, akaiweka, akarudisha kila kitu mahali pake, kisha akanionyesha vidole vyake viwili, cha shahada na gumba. Akafunga. Kimya. Nilisimama pale nikisikiliza kimya kile, nikajua kabisa kwamba hii ndiyo kazi ninayoitaka mpaka nizeeke.

Baada ya miaka kadhaa nilihamia Mang'ula, kutunza mabomba ya nyumba za kupangisha. Maji ya kule yanatoka milimani, baridi na matamu, unakunywa mpaka unacheka. Ila mvua zikianza yanashuka na mchanga mwembamba usioonekana kwa macho, na chembe moja tu ikinasa kwenye kikalio, bomba jipya linavuja. Bosi wangu alikuwa Msimamizi wa Majengo, mwanajeshi mstaafu, anayesimama wima hata akinywa chai. Mara ya kwanza kunituma kazi alinifuata mpaka bafuni.

"Umefunga maji?" akauliza.

"Nimefunga, afande."

"Umejuaje?"

"Nimefunga koki kuu mwenyewe."

"Koki inaweza kukudanganya. Na wewe unaweza kujidanganya. Fungua bomba. Bomba likikauka, hapo umefunga. Usiniamini mimi, usijiamini wewe, liamini bomba."

Nilicheka moyoni. Lakini wiki ileile nilimwona fundi mwenzangu akilegeza nati bila kulijaribu bomba kwanza, maji yakarusha spindo hadi darini, naye akatoka bafuni ameloa kama aliyevuka mto Kilombero kwa kuogelea. Tangu hapo nikawa naliamini bomba.

Kituo changu cha mwisho cha kazi kilikuwa hapahapa Ifakara, chini ya mkubwa wa maji wa mji ambaye wote tulimwita Bwana Maji. Mji wetu ni wa baiskeli, hilo mnalijua, na tyubu ya baiskeli iliyochoka haikosi kazi ya pili. Basi nilikuta mtaa wa Mlabani karibu kila nyumba bomba likianza kuvuja linafungwa mpira. Wanakata utepe wa tyubu, wanakaza kichwa cha bomba mpaka mwisho, kisha wanakizungushia utepe na kuufunga kwenye bomba la ukutani ili kisilegee. Kutwa nzima bomba limefungwa kamba kama mbuzi wa mnadani. Na kila anayetaka kunawa lazima afungue mafundo. Watu walifanya hivyo kwa moyo safi kabisa, wakidhani wanalisaidia, kumbe ndiyo wanaimaliza washa.

Bwana Maji alikuwa na amri moja tu. "Ukienda kutengeneza nyumba ya mtu," alituambia, "mwite mwenye nyumba asimame aone. Tukitoka sisi, yeye ndiye anabaki na bomba." Wenzangu walinung'unika kwamba anatuharibia soko. Mimi nilimpenda kwa hilo. Nilifundisha bibi na babu, nilifundisha wapangaji, nilifundisha mapadri na walimu wa madrasa. Nilikuwa nikimaliza namwambia mwenye nyumba afunge kwa vidole viwili, na akishasikia kile kimya ananiangalia kama nimemchezea mazingaombwe. Sikuwahi kuchoka kuiona sura ile.

Nikastaafu. Wakanipa hotuba, kuku na saa ya ukutani. Nikajenga kibaraza, nikawa nakaa na kumsimulia yeyote anayepita habari za Fundi Mkuu. Mke wangu, Mama Tekla, alikuwa akipita na ungo wake wa mchele anamalizia sentensi zangu kabla sijafika mwisho, halafu anaendelea na shughuli zake.

Kisha nikapata kiharusi. Nashukuru Mungu nilipona, ninatembea kwa mkongojo, ninaongea, ninakula. Lakini mkono wa kulia haunisikii tena. Upo tu. Nauambia shika, unatazama pembeni.

Na bomba la bafuni kwangu likachagua wakati huohuo kuanza kuvuja. Bomba langu mwenyewe, la shaba, nililolifunga kwa mkono huu nilipojenga nyumba. Linadondosha kwenye sakafu ya saruji, utelezi hauishi. Mama Tekla alilifunga mpira wa tyubu kama mji mzima, mimi nikaugulia moyoni. Siku moja naingia kuoga, mguu ukateleza, nikaenda chini pamoja na ndoo. Sikuvunjika, lakini paji la uso lilivimba vizuri.

Tekla, binti yetu wa pekee, ni mwalimu Morogoro. Mama yake hajui kumficha kitu. Simu ikaja jioni hiyohiyo.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Sijaumia, ni uvimbe tu."

"Baba, nimevumilia vya kutosha. Bomba tu linawaangusha. Kila kitu hapo kinahitaji mtu mwingine aje. Jumamosi nakuja na mabegi, mtahamia kwangu."

Sauti yake ilikuwa inatetemeka, kwa hiyo sikuweza hata kumgombeza. Alikuwa na hofu, na alikuwa na haki ya kuwa nayo. Nikampa simu mama yake, akasikiliza, akaitikia "haya, mwanangu," akakata. Kisha akakaa chini jikoni. Ana shamba lake la mpunga Katindiuka, alikuwa ameanza kuvuna na nusu bado imesimama. Hajawahi kuishi mahali asipoweza kwenda shambani kwa baiskeli.

"Tuite fundi basi," nikasema, ingawa mwenyewe sikulitaka. Mafundi wote wa mji huu wamepita mikononi mwangu. Fundi angekuja kwangu saa nne, saa sita vijiwe vyote vingejua.

Mama Tekla hakuwa anawaza vijiwe. "Fundi akija," akasema, "Tekla atauliza nani katengeneza. Tutasema fundi. Naye atasema si nilisema, kila kitu mtu mwingine. Leo bomba, kesho paa. Hapana, Baba Tekla. Tutatengeneza sisi."

"Sisi nani? Mkono wangu huu hapa."

"Mkono wako umekufa, mdomo wako haujafa. Umefundisha Mlabani nzima. Mimi tu ndiye hujaniita nisimame nione."

Halafu, wanangu, niwaambie ukweli, furaha ilinipanda kuanzia kwenye nyayo. Nilijiona nimerudi kazini.

Ijumaa asubuhi akaenda dukani na washa ya zamani ya bomba la jikoni tuliyokuwa tumeihifadhi, maana bomba hilo na la bafuni ni ya aina moja. Akarudi mikono mitupu. Kijana wa dukani alimwambia saizi hiyo haipo siku hizi, anunue bomba zima la plastiki. Lakini kung'oa bomba la shaba lililokaa ukutani miaka yote ile kunataka nguvu, na ukikosea unavunja bomba la ndani ya ukuta. Nikamwambia hapo ndipo tulipofika mwisho.

Akaniangalia kiunoni. Nilikuwa nimevaa mkanda wangu wa kazi, wa ngozi ya ng'ombe, nilioununua mnadani kwa Msukuma mmoja anayetengeneza ngozi vizuri mno. Nimening'iniza spana kwenye mkanda ule maisha yangu yote ya Ifakara. Tangu niugue nimekonda, ncha yake ilikuwa inazunguka mpaka mgongoni.

"Si ulisema karakana mlikata za ngozi?" akauliza.

"Mama Tekla, huu mkanda..."

"Umezidi, Baba Tekla. Vua."

Nikavua. Akaweka washa ya zamani juu ya ncha ya mkanda, akachora mzunguko kwa msumari, akakata kwa kisu cha jikoni, taratibu, ulimi ukiwa nje kidogo pembeni mwa mdomo. Akatoboa tundu la katikati kwa msumari uleule na kuitumbukiza kwenye mafuta ya kupikia. Mimi nilikuwa nimeshikilia suruali kwa mkono mmoja, nimetoa macho.

Wakati washa inalowa akafunga koki kuu pale kwenye uzio. Nikakaa kwenye kigoda mlangoni mwa bafu. Akachukua ile spana ambayo mafundi huiita malaya, kwa sababu inakubali nati ya ukubwa wowote, akainama kwenye bomba. Nilifungua mdomo nimwambie la Msimamizi wa Majengo, lakini alikuwa ameshalifungua bomba. Maji yakaendelea kutoka.

"Koki imetudanganya," akasema.

Nikakumbuka tenki letu la akiba, lina koki yake. Akaenda akaifunga nayo. Bomba likakohoa, likatoa maji kidogo, likakauka. Akalegeza nati. Ilikuwa imeganda, akaipigapiga kidogo kwa mpini wa kisu, akaegemeza uzito wake, ikakubali. Spindo likatoka. Washa iliyokuwa mle ilikuwa imekatika kama kipande cha muhogo kilichotafunwa. Akaitoa, akaweka ile ya mkanda wangu, akarudisha spindo, akabana nati. Nikamwongoza kwa mdomo hatua kwa hatua, ingawa mara nyingi mkono wake ulikuwa umeshafika pale nilipokuwa naelekea. Akaenda kufungua maji, akarudi, akafunga bomba.

Tone. Kisha jingine.

Hapo joto likanipanda. Niliiona Jumamosi, nikayaona mabegi, nikaiona ile baiskeli yake imeegeshwa imejaa vumbi. "Kaza," nikasema. "Kaza, Mama Tekla, kaza kwa nguvu."

Hakukaza. Aligeuka akaniangalia, maji yanamtiririka kwenye kiwiko.

"Limekukosea nini?" akaniuliza.

Nikajirudisha kwenye kigoda changu.

"Si vidole viwili?" akasema. "Hadithi hiyo naisikia tangu umenioa. Likikataa vidole viwili linaumwa, na mgonjwa anapimwa. Na mvua hizi zilizopita maji yalikuja machafu. Si kama kule kwenu Mang'ula?"

Akafunga koki zote mbili tena, akalijaribu bomba, likakauka, akatoa spindo. Kisha akaingiza kidole mle ndani, akafumba macho, akawa anazungusha kidole kwenye kikalio. Mama Tekla anachagua mchele gizani huku anaongea na jirani, na hakuna jiwe linalopita. "Kuna kitu hapa kinanikwaruza," akasema. Akakikwangua kwa ncha ya msumari, akafuta kwa pindo la kanga, akanionyesha. Chembe ya mchanga. Mimi hata kuiona nilikuwa nashindwa.

Akarudisha vyote. Maji yakafunguliwa. Akafunga bomba kwa kidole cha shahada na gumba.

Tukasubiri. Tukasubiri tena. Jogoo wa jirani aliwika, pikipiki ikapita, na bafuni hapakuwa na sauti yoyote. Nikamtazama usoni nikaiona ileile sura niliyoiona Mlabani maisha yangu yote, safari hii kwa mke wangu mwenyewe, na machozi yakanitoka bila kupiga hodi. Mama Tekla akaufungua ule utepe wa tyubu uliokuwa bado unaning'inia, akauzungusha kiunoni kwangu, akanifunga suruali.

Tekla alifika Jumamosi mchana na mabegi makubwa mawili, matupu. Alitusalimia, akalitazama paji langu, akaenda moja kwa moja bafuni. Nilimsikia akiburuza kiatu kwenye sakafu kavu. Akafungua bomba. Akalifunga, na nilijua kwa sauti ya mguno wake kwamba anakaza kwa nguvu zote.

"Tekla," mama yake akamwita kutoka jikoni, "usilikabe bomba langu. Vidole viwili."

Akatoka. "Nani ametengeneza?"

"Fundi," nikasema.

Kabla hajapata nafasi ya kusema aliyokuja nayo, tukasikia hodi. Alikuwa Mama Zuhura, jirani wa nyuma. "Fundi yupo?" akauliza. Mimi kwa mazoea nikashika mkongojo nikaanza kuinuka.

"Kaa tu, mzee, shikamoo," akasema. "Namuulizia Mama Tekla. Nimesikia anakata washa. Langu limenishinda, nimelifunga mpira mpaka mpira umekatika."

Mama Tekla akatoka anafuta mikono. Akachukua spana, msumari na kile kisu. Akautazama mkanda wangu uliokuwa umetundikwa ukutani, akaushusha nao. Kisha akanigeukia.

"Baba Tekla, twende. Utakaa mlangoni. Mama Zuhura, wewe utasimama karibu uone."

Tukaondoka, yeye mbele, mimi nyuma na mkongojo wangu. Mlangoni niligeuka. Tekla alikuwa amesimama katikati ya sebule, kila mkono na begi, anatutazama tunavyokwenda. Tuliporudi alikuwa bafuni, anafungua na kufunga bomba, anajifunza vidole.

Watu huniuliza kustaafu kukoje. Nawaambia nilidhani ni kuondoka kazini. Kumbe kwangu ilikuwa ni kazi kuhama mkono, na sasa iko kwenye mkono unaoiweza. Ngozi ya mkanda ule bado ipo ya kutosha, mitaa yetu itapata washa kwa muda mrefu, nami nakwenda na fundi wangu kila anapoitwa, nakaa mlangoni naongea.

Tekla alirudi Morogoro Jumapili. Nguo zetu zilibaki kwenye kamba yetu ya uani, na mabegi yote mawili mama yake aliyajaza mchele mpya wa Katindiuka, mazito hata dereva wa bajaji alilazimika kushuka kumsaidia.